Arduino, ESP32 au Raspberry Pi kwa shamba la zabibu Hombolo?

Mzabibu
Wakuu, habari za majukumu. Nina shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, namwagilia kwa matone. Nataka sensa (za kupimia jamani, siyo ya watu na makazi) zisome unyevu wa udongo sehemu nne pamoja na joto, kila dakika 15, data ijiandike yenyewe. Umeme haujafika shambani, nina sola ndogo na betri ya volti 12. Programu ndiyo naanza kujifunza. Jirani anasema ninunue Raspberry Pi, eti ni kompyuta kamili. Kati ya hizi bodi ndogo za kielektroniki, Arduino, ESP32 na hiyo Pi, nianze na ipi?

Fundi Nzuguni
Mkuu, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Raspberry Pi ya kawaida, ukiacha ile Pico, haina pini hata moja ya kusoma volti zinazopanda na kushuka. Pini zake zinajua "ipo" na "haipo" tu. Itabidi uongeze chipu ya kugeuza volti kuwa namba kama ADS1115, yenye njia nne za kusomea na biti 16 (biti zikiwa nyingi, volti zinakatwa vipande vidogo zaidi). Halafu inakula betri, na ikizimika ghafla kadi yake inaweza kuharibika.

Chukua Arduino Uno. Ina njia sita, biti 10, maana yake volti 5 zinakatwa vipande 1024, kila kimoja kama milivolti 4.9. Kwa udongo inatosha na chenji inabaki. Weka moduli ya kadi ya memori na saa ya DS3231. Saa usiiruke! Uno haijui leo ni tarehe ngapi, ikizimika inaanza kuhesabu upya.

Binti wa Nala
Mimi natumia ESP32. Ina biti 12, ina Wi-Fi, na unaweza kuilaza kati ya kipimo na kipimo isimalize betri. Ila ina mitego yake. Pini zake ni za volti 3.3, ukiipelekea 5 umeiua. Namba zake hazinyooki karibu na sifuri wala karibu na kilele. Kuna kundi zima la pini ambazo hazisomi volti Wi-Fi ikiwa imewashwa. Hilo la mwisho lilinila wiki mbili, nalaumu sensa wakati sensa ilikuwa nzima.

Mzabibu
Sasa biti 16 si ndiyo bora kuliko 10?

Ticha wa Fizikia
Mnabishana biti, kosa kubwa lipo kwenye sensa na waya. Zile sensa za meno mawili ya chuma zinazopitisha umeme kwenye udongo zinaliwa na kutu upesi. Nunua za kapasita, ambazo chuma chake hakigusi udongo, na ukingo wa juu wenye vipande vya umeme uupake silikoni maji yasiingie. Usishtuke namba zikipanda udongo ukikauka, nyingi ndivyo zilivyo.

Kabla ya kwenda shambani, chota udongo wako mwenyewe. Kausha kikombe kimoja kabisa, kingine kiloweshe hadi kishibe, andika namba za vyote viwili. Bila hizo, "612" haikwambii umwagilie au uache. Soma mara kumi uchukue wastani. Joto tumia sensa ya DS18B20, inatuma namba tayari, kwa hiyo waya mrefu hauisumbui sana. Usisahau rezista ya kiloomu 4.7.

Ungekuwa maabara yenye umeme na kompyuta, ningekwambia LabJack U3, kifaa cha kusomea sensa kupitia kompyuta, unachomeka USB unaanza. Hombolo hapana.

Mzabibu
Shukrani wakuu. Naanza na Uno mezani na vikombe viwili, ESP32 baadaye nikizoea. Ila panya wa kule wanatafuna kila kitu.

Fundi Nzuguni
Pitisha waya kwenye bomba la plastiki la umeme, uzike, na midomo yote miwili uizibe. Wanaingiaga na hapo.