Tupeane uzoefu: wenye kisukari aina ya pili na mnaouguza, hapa Tanga mnaishije nacho?

Mama wa Makorora
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimeambiwa nina kisukari aina ya pili, na sikuwa naumwa popote. Nilikwenda kutafuta miwani, daktari akachungulia ndani ya jicho akaniuliza nimewahi kupima sukari lini. Kesho yake asubuhi, sijatia kitu mdomoni, ikasoma 11.4 (mmol/L), na kwa ambaye hajala tangu usiku, 7 tayari ni kisukari. Kiu na kuamka usiku kwenda msalani nilivisingizia joto la kaskazi. Kongosho langu bado linatoa insulini, ile inayoshusha sukari, ila mwili umekuwa sugu kwayo, sukari inabaki kwenye damu. Nimepewa vidonge vya metformini vya kushusha sukari. Sasa mimi ni muuza vitumbua, na nyumbani kwetu ni wali wa nazi. Mnaoishi nacho, mnafanyaje?

Bi Chumbageni
Pole shoga, na karibu. Kilichonifungua macho ni kimashine cha kutoboa kidole. Vijiti vyake ni ghali, kwa hiyo sipimi ovyo: nachagua chakula kimoja, napima kabla ya kula na saa mbili baadaye. Sahani iliyojaa wali wa nazi na maharage ilinifikisha 14. Wali wa sufuria ile ile, nusu yake, na mchicha wa kutosha na kipande cha changu, ukaniacha kwenye 9. Tangu hapo nusu ya sahani yangu ni mboga, robo wali au ugali, robo samaki au kunde.

Waliniambia nihamie ugali wa muhogo, eti hauna sukari. Una wanga mwingi kama wa mahindi, na kidole changu kilithibitisha. Machungwa ya Muheza sijayaacha, nakula moja na nyama zake. Juisi ndiyo niliyoiaga, maana glasi moja inameza machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari zinabaki kwenye chujio. Vitumbua endelea kuuza mama, riziki hiyo. Kuonja mwachie mwanao.

Baharia wa Sahare
Mimi naomba tuzungumzie miguu. Mwenzangu tunayevua naye alikanyaga gamba la chaza maji yalipotoka, asihisi kitu. Mkewe ndiye aliyeona matone ya damu sakafuni. Ganzi ya kisukari hiyo. Kidonda kikachimba mpaka kidole kikakatwa. Mimi nikitoka baharini naosha miguu, nakausha katikati ya vidole, kisha nakagua nyayo kwa kioo cha kunyolea. Viatu nakung'uta kabla ya kuvaa, na peku sitembei hata ndani. Mnaokanda miguu kwa maji ya moto acheni, mguu wenye ganzi haukuambii kwamba unaungua.

Kijana wa Duga
Shikamooni wakubwa. Baba ameacha vidonge, anakunywa mlonge na mwarobaini, anasema yuko safi kabisa. Nifanye nini?

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Usigombane naye, mpime akiona. Mtu anaweza kuwa na 15 na akashinda shambani analima, huku mishipa midogo ya macho na figo inaharibika bila kumpa taarifa. Ndiyo maana nawasihi wote: hali ya mwili isiwaamulie, pimeni. Mlonge kama mboga ale, hauchukui nafasi ya dawa. Mwulize pia kwa upole kama aliacha kwa sababu ya tumbo. Metformini mwanzoni huleta kuhara na kichefuchefu, wengi huikimbia hapo na huona aibu kusema. Imezwe pamoja na chakula, na daktari anaweza kumwanzishia miligramu 500 akapandisha taratibu. Aombe na kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi. Wengi hulengwa chini ya asilimia 7, wazee huachiwa juu kidogo. Presha isisahaulike.

Binti wa Ngamiani
Naongeza la Ramadhani. Baba alikuwa kwenye glibenklamaidi, dawa inayoweza kushusha sukari kupita kiasi usipokula. Alasiri moja jasho jembamba likamtoka, mikono ikatetemeka, maneno yakawa hayaungani. Tukapima: 2.9. Akakataa kufungua, eti magharibi imekaribia. Mama hakubishana, alikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji akamshikia kikombe. Dakika 15 baadaye tukapima tena, 4.6, ndipo akala tende na uji. Imamu wetu alimweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa yake, na kutoboa kidole hakubatilishi funga. Kwa hiyo ikishuka chini ya 4, fungua hapo hapo. Aliyezimia msimnyweshe chochote, mkimbizeni hospitali. Mwaka uliofuata baba aliwahi kliniki tangu Shaabani, wakambadilishia dawa na kumpangia dozi za futari na daku.

Kijana wa Duga
Nimempima baba mbele ya mama. 17.8. Amenyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kliniki ni siku gani.

Nesi Mstaafu
Mwahi siku hizi hizi, na uende naye. Akianza kutapika au kusinzia ovyo, msisubiri siku ya kliniki.

Mama wa Makorora
Ahsanteni sana jamani. Leo nusu sahani ya wali na kisamvu, saa mbili baadaye 10.2. Nesi, nakaanga tangu alfajiri, nakula mara ya kwanza saa nne. Kidonge cha asubuhi nimeze lini?

Nesi Mstaafu
Hiyo saa nne, pamoja na chakula. Na kliniki nenda na daftari la namba zako na vidonge vyote unavyotumia, hata vya maumivu ulivyonunua mwenyewe dukani. Baadhi yake vinaumiza figo, daktari avione.