Naomba ushauri: niache semi nishike Fuso ya dagaa?

Wakuu, habari za majukumu. Naendesha semi Dar–Mwanza, mwaka wa tisa huu. Safari iliyopita mizani ilinikamata, ekseli ya nyuma imezidi. Kontena nilikabidhiwa likiwa limefungwa kwa lakiri, mimi sikugusa hata kamba, lakini faini bosi kaikata kwenye posho yangu. Nimefika Usagara nina elfu nane mfukoni, tandiboi ananitolea macho hajala tangu Nzega.

Kilichoniuma zaidi ni nyumbani Buswelu. Mwanangu wa miaka mitatu kajificha nyuma ya kanga ya mama yake, anauliza, "Mama, huyu anko anaondoka lini?"

Sasa kuna mzee pale Mwaloni Kirumba anatafuta dereva wa Fuso, kupeleka dagaa Sengerema na Geita. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusota foleni ya kivuko, usiku nalala kwangu. Ila hela ni kama nusu, na mkataba hakuna (hata huku sina, tusidanganyane).

Mlioacha masafa marefu, mlipatana na mwenye gari kwa mwezi au kwa tripu? Na hiyo faini inadaika, ikiwa nina picha tu ya karatasi ya mizani kwenye simu?