Je, hadithi za wanafunzi ziandikwe upya kabla ya kurekodiwa kuwa podikasti?

Mwalimu_wa_Insha aliuliza:

Walimu wenzangu, naomba ushauri wenu.

Ninafundisha uandishi wa kubuni katika darasa la wanafunzi 42 wenye umri wa kati ya miaka 13 na 15. Muhula uliopita kila mmoja alitunga hadithi fupi ya kurasa mbili hivi, na baadhi ya hadithi hizo zilinifurahisha kiasi kwamba niliona ni hasara ziishie daftarini, zisomwe na mimi peke yangu, zipewe alama kisha zisahaulike. Nikaamua tuzigeuze kuwa podikasti. Niliteua hadithi sita, nikawaita watunzi wake mmoja mmoja, nikaweka simu mezani na kuwaomba wasome.

Matokeo yalinivunja moyo. Walisoma kwa mkupuo, kana kwamba wanakimbizwa, na nilipowasikilizisha wenzao rekodi hizo, hazikupita dakika mbili kabla darasa halijapoteza uzi wa kisa na kuanza kuulizana ni nani aliyesema nini. Linalonitatiza zaidi ni kwamba hadithi zilezile, zilipokuwa kwenye karatasi, zilieleweka vizuri kabisa.

Je, nimwombe mwanafunzi aiandike upya hadithi yake kwa ajili ya masikio, au kufanya hivyo ni kuiharibu kazi ambayo tayari imekamilika? Pia, nikiwa na simu moja na vipindi viwili kwa wiki, nifanyeje ili wote 42 washiriki, badala ya mmoja kusoma na wengine 41 kukaa kimya? Na alama nizitoe kwa uandishi au kwa usomaji?

Sikio_Makini alijibu:

Mwalimu mwenzangu, usivunjike moyo. Nami nilipitia hali hiyohiyo, na naona swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Ndiyo, hadithi iandikwe upya, na mtunzi mwenyewe ndiye aiandike. Siku hizi sirekodi kazi iliyokwisha kusahihishwa. Narekodi rasimu, kwa sababu sauti humwonyesha mwanafunzi kasoro ambazo kalamu yangu nyekundu haijawahi kumshawishi azione.

Tazama jinsi lugha yetu inavyomtegemea msomaji anayeona maandishi. Chukua sentensi hizi: «Mzee alimkuta kijana amekaa mlangoni. Alimtazama, akacheka, akamwambia aondoke.» Nani alimtazama mwenziwe? Kiambishi «a-» hakitofautishi mzee na kijana, wala mume na mke, na msomaji akitatizika hurudisha jicho nyuma mstari mmoja akaendelea. Sikio haliwezi kurudi nyuma. Kadhalika, alama za kunukuu hazina sauti, kwa hiyo mazungumzo ya watu watatu ambayo kwenye karatasi yametenganishwa kwa aya huungana yakawa kama maneno ya mtu mmoja. Swali nalo, likikosa «je» au neno lingine la kuulizia, hubebwa na kiimbo pekee: «Umekula» na «Umekula?» zina herufi zilezile, na mwanafunzi anayesoma kwa haraka atamgeuza mhusika anayeuliza kuwa mhusika anayetoa taarifa. Hata mkazo una kazi yake, maana neno «barabara» laweza kuwa njia au laweza kumaanisha sawasawa, kutegemea silabi iliyokazwa.

Zoezi ninalolitumia halihitaji simu hata kidogo. Wanafunzi hukaa wawiliwawili; mmoja husoma rasimu yake, na mwenzake husikiliza bila karatasi mbele yake, akinyoosha mkono kila anapopotea. Msomaji hakatizwi wala haelezi lolote. Anachofanya ni kutia alama ya penseli mahali mkono uliponyooshwa, kisha anaendelea. Wakimaliza, kazi ya kuhariri imeshajipanga yenyewe, kwa kuwa kila alama ni mahali panapodai jina la mhusika litajwe tena, au sentensi ndefu ikatwe, au usemi wa taarifa ugeuzwe kuwa usemi halisi. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakikataa katakata kubadili hata neno moja wakifuta aya nzima kwa hiari yao baada ya kuona mkono wa rafiki yao ukipanda mara nne.

Wakumbushe pia kwamba tatizo hili fanani wetu walilijua zamani. «Paukwa» na «Pakawa» si pambo. Ni nafasi wanayopewa wasikilizaji watulie kabla neno lolote la maana halijatamkwa. Mwanafunzi anayeanza podikasti yake kwa sentensi iliyobeba majina matatu, mahali na saa, huwa amemwaga maji kabla chombo hakijawekwa. Tanakali za sauti nazo zina nguvu ambayo katika insha tunaidharau: «alitumbukia majini, chubwi!» inamfikia msikilizaji upesi kuliko maelezo marefu kuhusu mtu aliyeanguka mtoni.

Mfano mmoja ninaopenda kuwasimulia unatoka BBC ya mwaka 1924, redio ilipokuwa bado changa. Mchezo mfupi uliotungwa mahsusi kwa ajili ya redio uliwekwa ndani ya mgodi wa makaa ya mawe ambamo taa zimezimika, hivi kwamba wahusika na wasikilizaji wote walikuwa gizani pamoja. Mtunzi aliuchukua upungufu wa redio akaufanya kuwa mandhari. Nikishawasimulia hayo, huwauliza wanafunzi: katika hadithi yako, ni tukio gani linaweza kutokea gizani?

Mpenda_Vina alijibu:

Naunga mkono hoja za aliyetangulia, ila naomba mashairi yasiingizwe katika agizo hilo la kuandika upya. Mshororo wenye mizani (silabi) 16, nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane katika utao, yaani nusu ya pili, umetungwa kwa ajili ya sikio tangu mwanzo, na kina cha kati ndicho kinachomwambia msomaji mahali pa kupumua. Shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za vina na mizani, likisikika vibaya, hesabu mizani kwanza kabla hujamlaumu msomaji. Mara nyingi rekodi huwa imefichua mshororo uliopungua. Kama una wanafunzi waliotunga mashairi, anza na hao, kwa sababu watakuwa mfano mzuri kwa wenzao wa hadithi.

Fundi_wa_Sauti alijibu:

Mimi si mwalimu, ila kazi yangu ni kurekodi na kuhariri sauti, na nimewahi kusaidia madarasa mawili yaliyofanya jambo hili. Simu moja inatosha. Kinachoharibu rekodi nyingi za darasani ni chumba, wala si chombo: kuta tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia katika rekodi ni vigumu sana kuuondoa. Tafuteni chumba kidogo chenye mapazia, vitabu au nguo, zimeni feni, wekeni simu katika hali ya ndege ili mlio wa ujumbe usiikate hadithi, na msomaji akae umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwenye maikrofoni. Simu iwe kando kidogo ya mdomo, isiwe mbele yake moja kwa moja, maana pumzi inayotoka na herufi «p» na «b» hupiga maikrofoni kama kofi.

Kabla ya kusoma, rekodini ukimya wa chumba kwa sekunde 30. Ukimya huo mtauhitaji wakati wa kuhariri, ama kujazia mapengo, ama kuifundisha programu ni kelele gani ipunguzwe. Msomaji akikosea, asisimamishe rekodi: anyamaze kidogo, apige kofi moja, kisha arudie sentensi nzima tangu mwanzo. Kofi hilo huonekana kwenye skrini kama mwiba mrefu, na mhariri hulifuata bila kusikiliza rekodi yote. Programu ya Audacity, ambayo hutolewa bure na imekuwapo tangu mwaka 2000, inatosha kabisa. Mkihifadhi kwa MP3 ya mkondo mmoja yenye kilobiti 64 kwa sekunde, kila dakika itachukua takriban nusu megabaiti, kwa hiyo kipindi cha dakika nane hakitafika megabaiti nne, na hata mwenye intaneti ya kusuasua ataweza kukipakua.

Kuhusu wanafunzi 42, ningegawa makundi saba ya watu sita. Badala ya kila kundi kuchagua hadithi moja na kuziacha tano, kila mwanafunzi achague kipande cha maneno 150 hivi kutoka katika hadithi yake, na vipande sita viunganishwe na msimulizi mmoja kuwa kipindi cha dakika nane au tisa. Kundi moja likiwa chumba cha kurekodia, mengine sita yanaendelea na zoezi la kunyoosha mkono lililoelezwa hapo juu.

Msitumie nyimbo za watu. Wimbo mmoja huwa na haki za mtunzi na haki za aliyeurekodi, na kusema tu kwamba ni kazi ya shule hakufungui kila mlango pale kipindi kinapowekwa hadharani. Vidole vinavyogonga meza, karatasi inayokunjwa na mwanafunzi anayejua kupiga mluzi vinatosha.

Mwalimu_wa_Insha aliandika:

Ninawashukuru sana. Leo nimejaribu zoezi la kunyoosha mkono kwa nusu saa, na wanafunzi wenyewe ndio waliokuja kuniomba wakaandike upya.

Kumezuka jambo jingine, hata hivyo. Mwanafunzi aliyeandika hadithi bora kuliko zote ameandika kuhusu mtoto anayemsubiri baba aliyeondoka nyumbani, na sidhani kama ameibuni yote. Anataka hadithi isikike, lakini hataki sauti yake isikike. Wenzake nao wanataka vipindi vyote viwekwe kwenye intaneti. Nifanye nini?

Mlezi_wa_Vipaji alijibu:

Mwalimu, hapa naomba uende polepole. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Hiyo ni ibara ya 12. Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Haki zote mbili zipo katika ombi la mwanafunzi wako, naye hajakosea kuzitaka kwa pamoja. Kazi yenyewe pia ni mali yake: Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, katika sura yake inayotumika sasa, hauruhusu ulinzi wa hakimiliki ufungwe kwenye sharti la usajili, na kuandikia hadithi darasani hakuifanyi kuwa ya shule.

Mwache achague mwenzake amsomee, naye akae pembeni kama mwongozaji, akimwambia wapi apunguze kasi na wapi anyamaze. Wapo watunzi waliogundua hadithi zao upya kwa kuzisikia katika kinywa cha mwingine. Atumie jina la kubuni akipenda. Kisha kila mtunzi aamue mwenyewe kazi yake ifike wapi, iwe ni darasani tu, shuleni, au hadharani, na kwa wale wanaochagua hadharani pata idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Waeleze wazi kwamba kilichowekwa kwenye intaneti kinaweza kunakiliwa kabla hujakiondoa.

Kuhusu alama, usitoe hata moja kwa sauti. Mwenye kigugumizi, mwenye lafudhi tofauti na mwenye haya hawakuja kwako kushindana na watangazaji. Linganisha rasimu ya kwanza na mswada uliorekodiwa, umwombe mwanafunzi aandike aya moja kueleza alibadili nini na ni mkono wa nani uliomfanya abadili, kisha utoe alama kwa hayo.

Mwalimu_wa_Insha aliandika:

Nimeelewa. Tutaanza na makundi mawili wiki ijayo, tukitanguliza wale watatu waliotunga mashairi, na vipindi vya mwanzo vitabaki darasani. Kesho, kabla ya somo, nitamwuliza yule mwanafunzi angependa nani amsomee. Akisema kwamba amebadili nia na hadithi ibaki daftarini, itabaki daftarini, nami nitaendelea kuisoma humo.