Muuguzi anaweza kuongoza utafiti wa sera za afya, au ni lazima nisomee udaktari?

Nuru_ya_Zamu:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi mwenye shahada, nipo wodi ya wazazi. Maamuzi mengi hutufikia yakiwa waraka tu: wauguzi wangapi kwa zamu, dawa ipi iingie kwenye bima, nani achangie gharama. Natamani kuja kuongoza utafiti unaozaa maamuzi hayo. Wenzangu wanasema viti vile ni vya madaktari, na mmoja kanishauri nianze upya udaktari wa tiba. Umri unakwenda na nina watoto wawili. Naombeni ushauri wa kweli.

Mzee_Takwimu:
Dada, usianze upya. Tedros Adhanom, anayeongoza Shirika la Afya Duniani tangu 2017, si daktari wa tiba. Alianzia biolojia, akasomea kinga ya mwili, kisha akafanya uzamivu wa afya ya jamii Nottingham, akawa waziri wa afya wa Ethiopia kuanzia 2005 hadi 2012. Anne Mills wa London School of Hygiene & Tropical Medicine ni mchumi. Na Sheila Tlou ni muuguzi kama wewe: profesa wa uuguzi aliyekuwa waziri wa afya wa Botswana 2004 hadi 2008.

Koti_Jeupe:
Nakubali, ila tusimfiche dada yetu: madaktari ni wengi kule juu. Gro Harlem Brundtland aliyewahi kuongoza Shirika la Afya Duniani, Peter Piot aliyeongoza shirika la UKIMWI la Umoja wa Mataifa, Michael Marmot mtafiti wa tofauti za kiafya katika jamii, wote ni madaktari. Lakini ukiwafuatilia utaona udaktari peke yake haukuwafikisha. Marmot alikwenda Berkeley kuchukua uzamivu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii. Christopher Murray, mtafiti wa takwimu za magonjwa duniani, ana udaktari wa Harvard na uzamivu wa uchumi wa afya wa Oxford. Jim Yong Kim, aliyewahi kuwa rais wa Benki ya Dunia, ni daktari na mwanaanthropolojia.

Anayenivutia zaidi ni Julio Frenk wa Mexico. Daktari huyu aliingia kwenye sosholojia, na mwaka 1987 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa taasisi ya taifa ya afya ya jamii. Utafiti alioshiriki ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya gharama za afya zilitoka mfukoni mwa wananchi. Alipokuwa waziri, 2000 hadi 2006, hoja hiyo ndiyo iliyobeba mageuzi ya 2003 yaliyozaa bima ya Seguro Popular. Kwa hiyo swali lako lisiwe udaktari. Jiulize ni ujuzi gani wa pili utauongeza juu ya uuguzi.

Binti_Uchumi:
Kwa maswali uliyoyataja, uzamili wa uchumi wa afya. Kama hesabu inakutisha, anza na takwimu mapema, maana huko hakuna njia ya mkato.

Meza_ya_Sera:
Nimekaa wizarani muda mrefu. Tunawakosa watu wanaoijua wodi na pia wanajua kuandika kurasa mbili ambazo kiongozi atazimaliza kabla ya kikao. Anza hapo ulipo. Chukua patografu, yaani zile chati za kufuatilia uchungu wa kujifungua, za miezi michache iliyopita, tenga zilizojazwa nusu, angalia ni za zamu ipi na zamu hiyo ilikuwa na wauguzi wangapi. Hapo tayari una swali la sera kuhusu ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika. Lakini usiguse jalada hata moja bila kibali cha kamati ya maadili.

Nuru_ya_Zamu:
Asanteni sana, hasa hapo kwenye patografu. Za usiku nyingi huishia katikati, na sijasikia mtu akiuliza kwa nini. Sasa kibali nakiombaje wakati mimi si mtafiti?

Meza_ya_Sera:
Tafuta mhadhiri wa chuo ulichosoma awe mtafiti mwenza, mwandike andiko fupi mlipeleke pamoja. Muuguzi mkuu wa wodi mweleze mwanzoni kabisa, asije kuona unamchunguza. Na mkubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba jina lako litatangulia kwenye chapisho.