Naomba ushauri: Mama anatumia kiti mwendo, tumealikwa safari ya meli ya kitalii Ugiriki na Uturuki

Mwana wa Ipagala
Habari zenu wakuu. Dada yangu aliyeko Ujerumani anataka kumpeleka mama safari ya meli ya kitalii, mimi niwe msaidizi wake. Meli inaondokea Piraeus, bandari ya Athens, inapita Santorini, Kuşadası kule Uturuki, Rhodes, kisha inarudi Piraeus. Mama alipata kiharusi. Ndani ya nyumba anajikongoja na fimbo, mwendo mrefu ni kiti mwendo, ngazi tatu nne anapanda kwa kushikwa. Tangu asikie kwamba Efeso iko Uturuki, kila jioni anafungua Matendo ya Mitume sura ya 19, anasoma ile ghasia ya wafua fedha ndani ya theatro, ananiuliza kama tutafika pale pale. Ashuke bandari zipi, abaki melini wapi? Dada anasubiri jibu ili alipie.

Baharia Mstaafu
Kijana, kwa kila bandari uliza jambo moja kabla ya yote: meli inafunga gatini, au inatia nanga nje na kushusha watu kwa boti ndogo? Gatini kuna daraja la kushukia, kiti kinasukumwa. Kwenye boti, mtu anavuka huku boti inapanda na kushuka na mawimbi. Asiyeweza kupiga hatua mwenyewe mara nyingi wanamkatalia, na bahari ikichafuka hata anayeweza anazuiwa.

Kwa orodha yako, Santorini ni ya boti. Ukifika ufukweni mji uko juu ya genge: unapanda kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kwa punda, au kwa ngazi zaidi ya 500. Pale mama abaki melini. Mwekee kiti sitahani upande unaotazama kisiwa, ataliona genge lote na zile nyumba nyeupe juu yake, na meli itakuwa imetulia maana wengi wameshuka. Kuşadası na Piraeus ni gatini; Rhodes waulizeni wenye meli.

Chitemo
Kwa heshima zote, mzee wa kiharusi umpeleke baharini kufanya nini? Mpeleke Bagamoyo apunge upepo, yatosha.

Dada wa Makole
Chitemo kaka yangu, mama mwenyewe ndiye anayesoma Matendo kila jioni. Hajaomba Bagamoyo.

Mwana wa Ipagala, mimi nahudumia wagonjwa wa namna hii. Kabla dada hajalipa, mfanyieni mama safari ya majaribio. Pandeni treni ya SGR hapa Dodoma hadi Dar, mlale, kesho yake boti ya Zanzibar. Mtazame akivuka daraja la boti, akienda chooni chombo kikiyumba, akikaa kitini siku nzima. Miguu ikivimba jioni mtajua mapema. Na mwombe dada chumba cha wenye ulemavu: mlango mpana, bafu lisilo na kizingiti, vyuma vya kushikilia. Vyumba hivyo ni vichache kila meli, huisha mwanzo.

Mtembezi
Efeso nimefika. Toka Kuşadası ni kama kilomita 20 kwa gari. Watalii wengi huingizwa geti la juu na kuteremka barabara ya marumaru yenye mteremko na mawe yaliyopishana. Kwa kiti ni mateso. Wewe ingia geti la chini na urudi hapo hapo: theatro iko karibu, na ukijaliwa utafika hadi maktaba ya Celsus. Chukua gari lenu binafsi, basi la kundi halitawasubiri.

Athens, Akropoli, kile kilima cha mahekalu ya kale, ina lifti ya viti mwendo tangu mwisho wa 2020, ila upepo mkali huisimamisha, hivyo ulizeni asubuhi ile ile. Areopago, alipohubiri Paulo, ni mwamba unaoteleza. Mwonyeshe kutoka chini. Epukeni Julai na Agosti, joto lake hata sisi wa Dodoma linatushinda.

Na viza! Uturuki haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Mkitoka Ugiriki na kurudi, mnahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kama mtahitaji na ya Uturuki yenyewe, waulizeni wenye meli na ubalozi wa Uturuki.

Baharia Mstaafu
Naongeza. Sheria za Ulaya zinampa mama haki ya kusaidiwa bure, uwanja wa ndege na bandarini. Toeni taarifa angalau saa 48 kabla, kwa maandishi. Mkikata tiketi ya ndege semeni hawezi kupanda ngazi. Mkisema tu "anahitaji kiti", anaweza kufikishwa chini ya ngazi ya ndege na kuachiwa hapo.

Mwana wa Ipagala
Asanteni sana. Nimemsomea mama, amekubali kubaki melini Santorini, Efeso hakubali kuikosa. Majaribio ya Zanzibar tutayafanya mwezi ujao. Dawa zake za presha ziende begi kubwa au la mkononi?

Dada wa Makole
La mkononi, zote, ndani ya pakiti zake, na barua ya daktari kwa Kiingereza. Weka na akiba ya wiki nzima juu ya siku za safari.

Chitemo
Basi mama asafiri salama. Mkirudi kutoka Zanzibar tuambie miguu yake ilikuwaje.