Nimedhalilishwa mbele ya watoto 94, leo sinyamazi

Wakuu, hata kula nimeshindwa. Yule mkaguzi mnamjua, sina haja ya kumtaja jina, yule anayesukuma mlango bila hodi kama mgambo anasaka gongo, leo kanifanya kitu mbele ya kidato cha pili.

Hawa watoto miaka saba wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, wakifika kwetu ghafla baiolojia Kingereza, jiografia Kingereza, hadi fizikia Kingereza, mtoto anakaa kimya utadhani yupo msibani. Na mwezi wa 11 mtihani wa taifa unamsubiri. Leo kwenye kipindi changu cha Kingereza nikaweka chaki chini, tukasukuma madawati, nyanya nimenunua kwa hela yangu, tukafungua gulio. Kuna binti wa dawati la nyuma, tangu Januari sijui sauti yake ikoje, akasimama na fungu lake: "Tomato two hundred, you no touch touch!" Darasa likalipuka, wateja wakaanza kulia bei KWA KINGEREZA jamani!

Ndo mlango ukafunguka. "Mwalimu, hapa shule au sokoni Mabibo?"

Binti akakaa. Nyanya bado mkononi.

Akataka andalio la somo, akapekua kurasa zote, eti hajaona palipoandikwa nyanya. NYANYA! Mtoto alikuwa anaongea wakuu! Angengoja dakika 2 tu nje. Akakaa na nyanya yake mkononi, kainamisha kichwa, na mimi nimesimama hapo kama mwizi wa kuku.

Kobe Mkavu: Kipindi kilipoisha nyanya alibeba nani?

Mama Chaki: Pole sana mwalimu. Huyo huyo alinikuta nawaimbisha tensi akaniuliza kwaya ya parokia gani.

Mzee wa Fasihi: "No touch touch" ndo mnafundisha? Ndo maana 2012 zaidi ya nusu ya fomu foo walikula ziro.

Mleta uzi: Mzee, kosa lake ningelisahihisha kesho. Aliyenyamaza nimsahihishe nini? Ameshika nyanya, anaongea, halafu mlango!

Eksi na Wai: Nyie angalau mna nyanya. Mie nafundisha hesabu kwa Kingereza, swali la mafungu mtoto analiweza kabisa ukilisema Kiswahili, kwenye karatasi halielewi, wakifeli barua naandikiwa mimi.

Kobe Mkavu: Swali langu la nyanya halijajibiwa.

Bado Miaka 3: Mnagombania nyanya na kikokotoo cha mafao ya kustaafu kinatusubiri hapo mbele. Mimi nikikumbuka pensheni yangu silali.

Eksi na Wai: Na kupandishwa madaraja kazini je? Nimekwama palepale, niliyemfundisha kazi kashanipita.

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa yule binti

Mwalimu wa Porini: Samahani nje ya mada, kuna mwalimu wa Kingereza yupo Moro anataka kuja Simiyu tubadilishane kituo? Maji yapo, nyumba ipo.

Mama Chaki: Simiyu wilaya gani?