Naomba ushauri: "immediately" imejaa kwenye barua zangu za Kiingereza, niweke neno gani?

KatibuTukuyu

Habari zenu wanajukwaa. Niko Tukuyu, wilaya ya Rungwe, ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi. Barua zote za Kiingereza naziandika mimi: kwa wanunuzi wa nje, kwa wasafirishaji, na mara nyingine kwa wakili. Kwenye kikao kilichopita mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alipitia nakala akauliza kwa nini kila aya ina "immediately". Kazi yetu yenyewe ni ya haraka. Parachichi la Hass haliivi likiwa mtini, linaanza kulainika likishachumwa, na joto linalikimbiza. Kwa hiyo kila ninachoomba nakitaka upesi.

Nimefungua kamusi ya visawe nikakuta "instantly", "promptly", "at once", "forthwith", "presently" na mengine, yote yamepangwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nina wasiwasi kwamba sivyo. Hizi ni sentensi nne kutoka kwenye rasimu zangu:

"The fruit must go to the cold room immediately after picking."
"The cold room is immediately behind the office."
"Please pay the balance immediately."
"The supplier shall immediately inform the buyer of any delay."

Hiyo ya mwisho imo kwenye mkataba, na ninataka kuirudia kwenye barua. Nibadilishe zipi? Sitaki kumuudhi mnunuzi, hela za wakulima bado ziko kwake. Ndaga.

MwalimuKihesa

Kamwene dada. Wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Hizo sentensi hazifanyi kazi moja.

Ya pili usiiguse. Pale "immediately" inaeleza mahali: chumba kiko nyuma tu ya ofisi, hakuna kitu katikati. Ukiweka "promptly" au "instantly" sentensi imekufa. Ukilazimika, "directly behind" au "right behind" vinakubali.

Ya kwanza pia iache, au sema "straight after picking". Usiweke "shortly after", maana inamruhusu mtu kuchelewa kidogo, na kreti zitakaa juani. "Instantly" nayo ni kufumba na kufumbua: mtu kumtambua mwenzake, taa kuwaka. Hakuna anayebeba kreti "instantly".

Kuhusu ile kamusi: Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyetoa kitabu chake cha visawe mwaka 1852, aliyapanga maneno kwa wazo yanalochangia. Hakusema yanabadilishana viti. Orodha ya namna hiyo inakukumbusha neno unalolijua tayari. Usilolijua, lipeleke kwanza kwenye kamusi ya kawaida yenye mifano ndipo uliandike. Nalisisitiza hili darasani kwa sababu naona insha nzuri zinavyoharibika.

"Presently" iogope. Zamani ilimaanisha papo hapo. Leo Mwingereza huielewa kama "baada ya muda mfupi", na Mmarekani mara nyingi huielewa kama "kwa sasa". "Momentarily" ni hivyo hivyo: Marekani ni "baada ya punde", Uingereza ni "kwa muda mfupi tu". Ukimwandikia mtu mzigo wake utapakiwa "presently", hujui ameelewa nini.

TundumaMpakani

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma, naandikiana na madereva na ofisi za nchi nyingi. Nakushauri uachane na vielezi kwenye jambo la muda, weka tarehe na saa. Dereva wa Afrika Kusini akikuandikia "just now", anaweza kuwa na maana ya baadaye, hata saa kadhaa zijazo. Huku kwetu mtu anasoma sasa hivi, anamwandaa karani, wanasubiri.

Na saa yenyewe itaje ya wapi. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, ukivuka tu geti saa imebadilika. Halafu kuwa makini unapotoa saa kutoka Kiswahili: saa kumi jioni ni "4 p.m.", nimeona mtu akiandika "10 p.m." na lori likapangwa usiku.

KaraniWaSheria

Sentensi ya nne usibadilishe hata herufi. Kama mkataba umesema "immediately", barua inayotaja kifungu hicho iseme hivyo hivyo. Ungekuwa umesema "forthwith", ungeandika "forthwith". Kwenye sheria neno likibadilika, mtu atauliza kama na maana imebadilika, na ukifika kwenye mgogoro swali hilo linagharimu. Kujirudia kwenye mkataba si kosa la uandishi. Ila "forthwith" usiitoe huko kuipeleka kwenye barua ya kawaida, inamfanya mtu ahisi ameshitakiwa.

BintiVwawa

Hamjagusa ya tatu, na ndiyo yenye hela. "Please pay the balance immediately" ni amri hata ikiwa na "please". "At once" ni kali zaidi, ni mzazi na mtoto. Kwa nini asiandike "Kindly pay promptly"?

MwalimuKihesa

Dada wa Vwawa, kwenye ukali nakubaliana nawe, kwenye "kindly" tunatofautiana. Kwetu ni adabu, tumeizoea maofisini. Masikioni mwa Waingereza wengi ina harufu ya tangazo la ukali, kama mtu aliyekaribia kukasirika. "Please" inatosha.

"Promptly" ni neno zuri ila linapendeza zaidi kwenye shukrani: "Thank you for paying promptly." Tena lina maana ya kutochelewa saa iliyopangwa, "promptly at eight". Kwa deni namuunga mkono ndugu wa Tunduma, tarehe.

KatibuTukuyu

Nimewaelewa. Ya pili na ya nne nimeziacha, ya kwanza nimeweka "straight after". Ya tatu sasa inasomeka hivi: "Please pay the balance by Friday at 4 p.m., East Africa Time, so that we can pay the farmers on Saturday." Nilikuwa nimeanza na "as soon as possible", nikaifuta. Nilifanya sawa?

BintiVwawa

Sawa kabisa. Hiyo "as soon as possible" inamwachia mnunuzi mwenyewe kupima kinachowezekana. Hapo ulipotaja wakulima umempa sababu, na umempa bila kumpigia kelele.

TundumaMpakani

Ongeza tarehe baada ya "Friday", na mwezi uandike kwa jina. Ukiandika 5/6, Mmarekani anasoma tarehe 6 Mei.